Uzi wa Shaba, Uzi wa Sauti

Mtu wa Lubumbashi ukimtajia Buluo, kinachomjia kichwani kwanza ni gereza. Jina limeshikamana na kuta zile kiasi kwamba wageni wengi hawajui kama kando yake wako watu wanaolima, wanaopika na wanaosali kama watu wa mahali pengine popote pa Likasi. Mimi Buluo naikumbuka kwa jambo jingine kabisa. Naikumbuka kwa irabu moja, ile e ya mwisho ya neno Kyrie, ilivyovutwa na watu kumi na mmoja Jumamosi moja saa kumi na moja jioni, ndani ya darasa ambalo umeme wake ulikuwa umekatika tangu saa nane.

Nilikuwa nimefika mapema. Wanakorali waliingia mmoja mmoja: akina mama wawili waliotoka sokoni, vijana wa shule, na mzee mmoja mwenye daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Maestro, kama tunavyowaita viongozi wa korali huku kwetu, aliweka mezani kitabu kisicho na jalada. Kilikuwa ni Liber Usualis, kile kitabu kinene cha gregoriani, uimbaji wa kale wa Kilatini wa Kanisa, kilichochapwa Tournai, Ubelgiji, na kuletwa huku na wamisionari. Kurasa zake zilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Pembeni palikuwa na alama za penseli za mikono mitatu au minne tofauti, watu waliokipitia kabla yake.

Nilitarajia waanze kuimba. Hawakuimba. Kwa karibu nusu saa walisema maneno tu. Kyrie eleison. Christe eleison. Waliyasema kama mtu anavyomwomba mzazi wake msamaha, kwa sauti ya kawaida, na kila mara mmoja alipolikata neno mahali pasipofaa, maestro aliwarudisha wote mwanzo. Baada ya hapo wakayasema yale yale kwa noti moja iliyonyooka, wote pamoja, hadi sauti kumi na moja zikawa hazitambulikani ni ya nani. Ndipo akafungua kitabu. "Musikimbie, bana," akawaambia. "Neno njo inaongoza."

Nimezisikia korali nyingi maishani mwangu, zenye sinteza, gitaa la besi na vipaza sauti vinavyotikisa madirisha. Lakini sikuwahi kuona watu wakilipa neno moja heshima ya nusu saa kabla ya kuliimba.

Ukiutazama ukurasa wa gregoriani mara ya kwanza unaweza kudhani ni mchoro wa shanga. Mistari ni minne, siyo mitano. Noti ni za mraba, nyeusi, na hazina mikia ya kuonyesha urefu wake kama noti tulizozoea. Hakuna vijiti vya kugawanya mapigo. Noti mbili zikibebana, moja juu ya nyingine, unaanza na ya chini na kupanda. Noti tatu zikipinda, sauti inapanda na kushuka kwa pumzi moja. Ipo noti moja yenye meno kama msumeno, iitwayo kwilisma, ambayo sauti huipitia kwa wepesi kama mguu unaogusa jiwe la katikati ya kijito. Mafundi wa mambo haya bado wanajadiliana namna hasa ya kuiimba. Maestro wa Buluo hakuwa na mjadala: aliinua mkono, akaugeuza kifundo kidogo, na wote wakapita juu ya noti ile bila kuikanyaga.

Mkono ule ndio ulionivuta macho. Haukupiga mapigo. Uliandika hewani, ukipanda pale sauti inapopanda, ukilala pale neno linapolala. Na kwa kuwa irabu moja inaweza kubeba noti kumi na zaidi, hakuna kifua kimoja kinachoitosha. Basi wanakopeshana pumzi. Mmoja anavuta hewa kimya kimya katikati ya irabu huku jirani yake akiishikilia, kisha anarudi ndani yake taratibu, naye jirani anapata nafasi. Msikilizaji haoni mshono. Mama mmoja kati ya wale wawili alikuwa hodari mno wa jambo hili. Nilimkodolea macho dakika nzima na sikuweza kujua alipumua wapi.

Mfano uliokuja kichwani mwangu ulikuwa wa hapa hapa, wa shaba. Kabla ya mitambo ya shaba ya Shituru, hapa Likasi, mafundi wa Katanga waliyeyusha malakiti kwenye tanuru za udongo, na walijua kuivuta shaba hadi ikawa uzi mwembamba wa kusokotea vikuku. Uzi ule hauvutwi kwa hasira. Ukiuvuta kwa pupa unakatika, ukisita unabaki na kinundu. Mwaka 1926 Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa askofu, aliandika juu ya mafundi hao, "wala shaba" kama walivyoitwa, na ufundi wao wa tanuru. Yeye mwenyewe alikuwa mmonaki wa Kibenedikto, mtu wa kuimba zaburi mara kadhaa kwa siku. Alizitetea sana siasa za wakoloni, na hilo linasemwa kwa haki. Lakini hapa nabaki na lile moja: mtu aliyelelewa na ufundi wa kuvuta sauti alipata muda wa kuandika juu ya ufundi wa shaba.

Wabenedikto wenzake walifika Katanga mwaka 1910 kutoka abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Bruges. Walifika na wimbo huu katika hali gani? Hili linafaa kuelezwa, maana wengi hudhani gregoriani ilitushukia ikiwa nzima kutoka kwa Papa Gregori Mkuu, aliyefariki 604. Jina ni lake, lakini nyimbo zenyewe zilikomaa baadaye, pale uimbaji wa Roma ulipokutana na wa Wafaranki katika karne ya 8 na ya 9. Kwa muda mrefu hazikuandikwa kabisa. Zilipita mdomo kwa sikio, kama zinavyopita nyimbo zetu za msibani. Katika karne ya 11 Guido wa Arezzo, mmonaki Mwitalia, alipanga noti kwenye mistari na kuzipa majina tunayoyajua hadi leo, re, mi, fa, sol, la. Alijisifu kwamba mwimbaji aliyehitaji miaka kumi kukomaa, kwa njia yake angehitaji mmoja au miwili. Naamini alisema kweli, ila naamini pia kwamba kuna kitu katika ile miaka kumi ambacho karatasi haikukichukua.

Kisha ukaja uchakavu. Mwanzoni mwa karne ya 17 kilitoka Roma kitabu cha nyimbo hizi zilizokatwakatwa na kunyooshwa ili zilingane na masikio ya wakati ule, na katika karne ya 19 kilichapwa upya na kuenezwa kama ndicho rasmi. Huko Ufaransa, Padri Prosper Guéranger alikuwa ameifufua abasia ya Solesmes mwaka 1833, na wamonaki wake wakaanza kazi ambayo mpaka leo naiona kuwa mojawapo ya kazi za subira kubwa kabisa katika muziki. Walizunguka maktaba za Ulaya wakinakili maandiko ya kale. Joseph Pothier alitoa kitabu cha nyimbo za Misa mwaka 1883. André Mocquereau, mwanafunzi wake, alianza mwaka 1889 kuchapa picha za maandiko yenyewe, na kwa wimbo mmoja tu, Justus ut palma, ule unaomfananisha mwenye haki na mtende, aliweka mbele ya wasomaji nakala zaidi ya 200 za karne na nchi mbalimbali. Wimbo mmoja, nakala mia mbili, ili kujua kama noti fulani ilipanda au ilishuka. Mnamo 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius X aliagiza Kanisa zima lirudi kwenye uimbaji huo, na mwaka 1908 kikatoka kitabu rasmi kilichosafishwa.

Hesabu miaka. Wamonaki wa Bruges wanashuka Katanga mwaka 1910, miaka miwili baada ya kitabu hicho. Uamsho wa Ulaya na misheni ya Katanga vilikuwa vitu vya rika moja. Gregoriani iliyofundishwa watoto wa Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati huo, ilikuwa imetoka tu kutengenezwa, bado ina joto la karakana. Ndiyo maana sikubali watu wanaposema kwamba kwetu ilikuja kama mzigo wa kale uliochoka. Na hata ndani yake si vyote ni vya kale. Misa ya Malaika, ambayo bibi yeyote Mkatoliki wa Kongo anaijua kwa moyo bila kitabu, Kyrie yake huwekwa na wataalamu katika karne ya 15 au ya 16. Ndiyo changa. Kyrie ya Misa ya 11, iitwayo Orbis factor, asili yake ina umri zaidi kwa mamia ya miaka, na ndiyo maestro wa Buluo anayoipenda kuliko zote. Aliniambia Misa ya Malaika inajiimba yenyewe, lakini hii ya 11 inakuuliza kama umekuja kusali.

Kuna waliojifunza wimbo huu na kuurudisha wakiwa wamezaa nao. Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza kupewa upadri katika nyakati hizi, aliwekwa wakfu Baudouinville, kule Tanganyika, mwaka 1917, na Misa aliyoiimba ilikuwa hii ya Kilatini. Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912, alipita seminari na kutoka humo akiwa mpiga ogani na mtunzi. Aliandika Misa ya Katanga, akaja kuwa waziri wa elimu katika serikali ya Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na kutunga wimbo wa taifa wa dola hiyo ya muda mfupi. Mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Padri Anschaire Lamoral, naye Mbenedikto, aliongoza korali ya wavulana waliojiita waimbaji wa Msalaba wa Shaba, Chanteurs à la Croix de Cuivre. Msalaba ule ni ule ule uliokuwa fedha ya babu zetu. Jina hilo peke yake linanipa furaha kila nikilitaja.

Na iko Kamina. Reli inayopita Likasi ndiyo hiyo hiyo inayoendelea kupitia Tenke hadi Kamina, na huko Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya kuanzia mwaka 1953 wavulana wapatao 45 na walimu kama 15. Kutokana na watu hao ilizaliwa Missa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza kanisani Kamina mwaka 1958, mwaka ule ule kundi hilo lilipokwenda kuimba kwenye maonyesho makubwa ya Brussels. Maneno ni ya Kilatini, yale yale. Sauti ni za huku: Sanctus imetoka kwenye wimbo wa kuagana wa Kiluba, na kasala, uimbaji wetu wa maombolezo na sifa, inasikika ndani yake. Watu huisikiliza Missa Luba na kusema ngoma imeishinda gregoriani. Mimi nasikia jambo tofauti. Nasikia watoto waliofundishwa kulisubiri neno, kuanza pamoja na kunyamaza pamoja. Mtu mmoja anatoa, kundi linajibu; hiyo ndiyo kasala, na ndiyo pia zaburi ya wamonaki, upande huu wa kanisa na upande ule. Mafundi wa pande mbili walikutana na kila mmoja akautambua mkono wa mwenzake.

Mtaguso wa pili wa Vatikani, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulisema kwenye namba 116 kwamba gregoriani ndiyo inayostahili nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi, mambo mengine yakiwa sawa. Ukisogea hadi namba 119 utakuta agizo kwamba muziki wa watu wenye mapokeo yao upewe heshima na nafasi yake. Kati ya maneno hayo mawili kuna namba mbili tu. Wengi huku walisoma 119 na kuiacha 116, na najua kwa nini: tulikuwa tumesubiri muda mrefu kumwimbia Mungu kwa lugha ya mama zetu. Misale ya Zaire iliyoidhinishwa mwaka 1988, yenye ngoma zake, mwito wa mababu na miili inayocheza mbele ya altare, ilikuwa haki yetu na ni fahari yetu. Siyo hiyo iliyoifukuza gregoriani parokiani. Kilichoifukuza ni haraka. Sinteza inafundisha wimbo kwa dakika ishirini. Gregoriani inadai miezi, na parokia ikachagua dakika ishirini. Cha ajabu ni kwamba ngoma halisi, ile ya mikono, nayo ilifukuzwa na kitu hicho hicho.

Nilimuuliza maestro kama amewahi kujaribu kuimba zaburi kwa Kiswahili kwa sauti hizi. Akacheka kwa raha, akasema anafanya hivyo kila Kwaresima. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana jambo hili ni dogo lakini limenikaa moyoni. Katika zaburi ya Kilatini, mwishoni mwa mstari sauti hushuka kwa fundo maalumu, na fundo hilo lazima liketi juu ya silabi yenye mkazo. Kilatini kina maneno kama Dominus, yenye mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho, kwa hiyo vitabu huweka noti tupu ya ziada, isiyojazwa wino, kwa ajili ya silabi inayobaki katikati. Mwimbaji akiwa mbioni hujikwaa hapo. Sasa chukua Kiswahili. Bwana, mchungaji, rehema, milele: mkazo wetu uko, karibu kila mara, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Fundo linakaa palepale bila kurekebishwa, na noti ile tupu haina kazi. Ni kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu wa mwingine kikakutosha kuliko yeye. Wabenedikto wa Tanzania, wa Peramiho iliyoanzishwa 1898 na Ndanda ya 1906, wanasali zaburi zao kwa Kiswahili, na yeyote aliyewahi kukaa kimya kwenye benchi la nyuma la kanisa la monasteri anajua lugha yetu inavyotulia inapopewa nafasi ya kupumua. Kule Senegal wamonaki wa Keur Moussa, nyumba iliyozaliwa na Solesmes yenyewe, walikwenda hatua nyingine: Padri Dominique Catta alijifunza kora, ala ya magriot, wale waimbaji wa masimulizi wa Afrika Magharibi, na sasa zaburi zao zinasindikizwa na nyuzi zake.

Huko nje uamsho unaendelea kwa njia zake. Mwaka 1994 rekodi ya wamonaki wa Santo Domingo de Silos, Hispania, iliuzwa kwa mamilioni kwa watu ambao wengi wao hawakuwa waumini. Kijiji cha Watou, Ubelgiji, kimekuwa kikikusanya korali za gregoriani kutoka nchi mbalimbali tangu 1981, kila baada ya miaka mitatu. Watou iko Flanders ya Magharibi, mkoa ule ule ambako wamonaki wa Bruges waliondoka kuja kwetu. Sikuweza kulisikia jina hilo bila kuwawazia watu kumi na mmoja wa darasa lile. Nasema kwa moyo wote: wangesimama huko bila aibu yoyote. Sauti zao zina uzito kifuani ambao kwenye rekodi nyingi za Ulaya, safi mno na nyembamba mno, mimi siusikii.

Tamasha letu huku ni Mtakatifu Sesilia. Kila Novemba korali za parokia hujiandaa, sare hushonwa, konserti hupangwa, na kila kundi hutaka kusikika. Katika parokia nyingi za mijini bado utakuta, kati ya korali ya Kiswahili, ya Kiluba na ya Kifaransa, kundi dogo la Kilatini, aghalabu wazee, wenye viti vyao na siku yao ya mwezi. Hawavutii watu wengi. Lakini siku ya msiba mkubwa, padri au mzee wa mji anapozikwa, ni wao wanaotumwa kuitwa. Wakianza Requiem wote wananyamaza, hata walioko nje chini ya miembe.

Jioni ile Buluo giza liliingia wakiwa bado kwenye Kyrie ya pili. Kijana mmoja akawasha tochi ya simu, akaishika juu ya kitabu, na vichwa kumi na moja vikasogeleana juu ya ukurasa mmoja, kama wamonaki wa zamani waliokuwa na kitabu kimoja kikubwa kwa kundi zima. Hawakuhitaji umeme kwa lolote lingine. Waliimba Kyrie yote, mara tatu, tatu na tatu, na kwenye silabi ya mwisho ya eleison maestro alishusha mkono polepole mno hata sikujua sauti iliishia wapi na ukimya ulianzia wapi. Mzee mwenye daftari aliinamisha kichwa, na hakuna aliyesema neno mpaka tochi ilipozimwa.

Baadaye maestro alinionyesha mgongo wa kitabu. Mchwa walikuwa wamekula kuanzia Liturujia ya Majilio hadi Krismasi. Alikuwa akizinakili kwa mkono kurasa zilizobaki kando ya tundu, kwa rula na kalamu nyeusi, mistari minne minne, noti za mraba moja moja. Alikuwa amefika Jumatano ya Majivu.

Kama parokia yako ina kabati la sakristia ambalo halijafunguliwa siku nyingi, lifungue wiki hii. Kitabu ukikikuta, kipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya mvua. Kisha mtafute yule mzee anayejua mkono unavyogeuka kwenye noti yenye meno. Mpelekee watoto watatu au wanne, Jumamosi saa kumi, na umwombe aanze na maneno.